Maumivu ya Mgongo na Wakati wa Kisu

Mkwezi wa nazi wa mashamba ya Unguja na hamali wa bandari ya Malindi hufanana kwa jambo moja: riziki zao zimo migongoni mwao. Mgongo unapouma, huzuka makosa mawili. Wako wanaodhani kwamba kila maumivu yataka kisu, na wako wanaokiogopa kisu hata pale kinapohitajika upesi. Kosa la pili ndilo la hatari zaidi.

Uti wa mgongo ni pingili zilizopangana, nyingi zikitenganishwa na gegedu. Ndani yake hupita ugwe wa neva uunganishao ubongo na viungo. Gegedu likichomoza huweza kuubana mzizi wa neva, na maumivu yakashuka mguuni au mkononi. Hata hivyo, wengi wa wagonjwa hawa hupata nafuu katika majuma 6 hadi 12 kwa dawa, mazoezi na kazi nyepesi. Hapa haraka haraka haina baraka. Upasuaji hufikiriwa maumivu hayo yakikataa kutulia, na picha ikathibitisha kwamba neva imebanwa.

Lakini ziko dalili zisizongoja: mguu kuzidi kulegea, ganzi baina ya mapaja, mkojo kuziba au kutoka bila hiari. Vivyo hivyo, vidole vishindwavyo kufunga vifungo, pamoja na mwendo wa kuyumba, huashiria ugwe uliobanwa shingoni. Hapo ngoja ngoja huumiza matumbo, kwani ugwe ukishaharibika ni vigumu mno kuurudisha.

Naye aliyeanguka mnazini asibebwe kwa mikono na miguu. Alazwe juu ya ubao, mwili umenyooka na shingo imetulizwa, ili pingili iliyovunjika isiukate ugwe uliosalimika.

Tangu mwaka 2014, hospitali ya Mnazi Mmoja mjini Unguja ina kitengo cha upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, kilichoanzishwa kwa ushirikiano na taasisi ya NED ya Hispania. Lakini mpasuaji hodari atamfaa nini mgonjwa aliyecheleweshwa nyumbani? Haitoshi, basi, mwanafunzi wa skuli kutaja pingili 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Hapana budi afundishwe pia dalili za hatari, kwani huenda yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kufika chini ya mnazi.