Feni za viwandani: Kuzima swichi hakutoshi kumlinda fundi

Katika viwanda vya sukari na saruji, feni kubwa inayofyonza hewa katikati na kuisukuma pembeni ni mtambo usiotajwa sana, ingawa ndio unaopeleka hewa kwenye boila, kutoa moshi na kuondoa vumbi.

Hatari yake hujificha pale fundi anapodhani imesimama.

Gurudumu lake la chuma ni zito, hivyo huendelea kuzunguka kwa muda baada ya umeme kukatwa. Hata likishasimama, mvuto wa hewa kwenye dohani, au feni nyingine iliyounganishwa na bomba hilo hilo, waweza kulizungusha upya pasipo mtu kugusa swichi.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kusafisha mapanga au kubadilisha mkanda, fundi hana budi kukata umeme kwenye swichi kuu, kuifunga kwa kufuli lake na kubaki na ufunguo mfukoni. Kisha hujaribu kuwasha ili kuthibitisha kuwa mtambo hauitikii, hufunga milango ya hewa na kulizuia gurudumu lisizunguke.

Kibao cha "Usiwashe" pekee hakitoshi. Anayeingia zamu ya usiku huenda asijue kuwa mwenzake bado yumo ndani.

Suala jingine ni matunzo. Vumbi linaloganda kwenye mapanga huharibu uwiano wa gurudumu, mtetemo huongezeka, beringi huchakaa na hatimaye panga laweza kukatika. Mtetemo usio wa kawaida ni sababu ya kusimamisha mtambo mara moja.

Kuna pia kishawishi cha kuongeza kasi ili kupata hewa zaidi. Kasi ikipanda kwa asilimia 10, hewa nayo huongezeka kwa asilimia 10, lakini mkazo kwenye gurudumu hupanda kwa asilimia 21 na nguvu inayohitajika kwa asilimia 33.

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya ina yake ya mwaka 2007. Zote zinamtwika mwajiri wajibu wa kumlinda mfanyakazi.

Hata hivyo, wajibu huo hupimwa siku uzalishaji unapobana, meneja anapoona kila saa ya kusimama kuwa hasara. Iwapo siku hiyo fundi hawezi kukataa kutoa ufunguo wake, kufuli litabaki kuwa pambo.