UPANDE MMOJA UNA HABARI YAKE, ACHENI KUUZIKA KWA SINDANO

1/8
Leo nitaudhi watu: wauza dawa, wachuaji, na manesi wenzangu. Mimi mwenyewe nimo.

Ukiwa na ule ugonjwa wa viungo wa miaka nenda rudi, vidole vimevimba mikono yote miwili, asubuhi hata kikombe cha chai hukikamati mpaka jua lipande, huku kwetu unapewa jina moja: baridi yabisi. Na ukishapewa jina hilo, basi, huna ruhusa ya kuumwa kitu kingine. Paja likiuma, baridi yabisi. Bega, baridi yabisi. Mguu umevimba, baridi yabisi.

Hilo nalipinga, na nitakwambia kwa nini.

2/8
Kwanza, baridi haina kosa. Ugonjwa huu ni kinga ya mwili wako mwenyewe kugeuka na kushambulia utando wa ndani wa viungo. Na una tabia yake: mara nyingi unapiga pande zote mbili. Kifundo cha mkono wa kulia kikianza, siku si nyingi cha kushoto nacho kinaitikia.

Sasa wewe unayejua ugonjwa wako kuliko mimi, ukiona nyama za upande mmoja tu zinauma, siku ya tatu, ya nne, na vidole vyako vimetulia, usiseme "ni ile ile". Inawezekana ni habari mpya kabisa.

3/8
Nikupe kisa changu. Zahanati siitaji, na mama mwenyewe simtaji.

Mkulima wa mahindi, upande wa Handeni. Viungo vinamsumbua miaka sita, anatumia prednisoloni na metotreksati. Alikuja anachechemea. Akaniambia, "Nesi, leo vidole havijambo. Ni paja tu, la kushoto."

Jamani, aliniambia kila kitu! Mimi nikatazama daftari lake, nikaona "viungo", nikampiga sindano ya diklofenaki, nikamwambia apumzike. Paja sikulishika. Joto sikupima.

Baada ya wiki mbili alirudishwa kwa bodaboda, amekaa katikati ya watu wawili. Paja gumu kama gogo. Hospitali walipolipasua walitoa usaha wa kujaza bakuli. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini masika ile hakulima, na watoto walikula mahindi ya kununua. Deni lile ni langu.

4/8
Usaha ndani ya msuli ni ugonjwa wa nchi za joto kama yetu. Siku za mwanzo hauna jipu la kuonekana. Ni maumivu tu na ugumu, ndiyo maana unatupita. Na mwenye kutumia dawa za kushusha kinga yuko hatarini zaidi.

Si huo peke yake. Mguu mmoja ukivimba na nyama za nyuma ya goti kushuka chini zikauma, inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa. Ugonjwa wa kuvimba viungo huongeza uwezekano huo. Ngozi ikiunguza upande mmoja wa mbavu, subiri uone vipele: mkanda wa jeshi huanza hivyo, na dawa yake inafaa zaidi ukiiwahi ndani ya siku 3. Maumivu ya nyonga moja, na jasho la usiku na kukonda, yanaweza kuwa TB ya uti wa mgongo imeshusha usaha kwenye msuli.

5/8
Sasa wewe wa duka la dawa. Unafungasha deksamethasoni na diklofenaki kwenye kikaratasi, unaita "dawa ya mifupa". Mteja analala vizuri, kesho anakusifia stendi nzima ya Mkata. Unajua ulichofanya? Deksa imeshusha homa na uvimbe, usaha unaendelea kimyakimya. Diklo inachoma tumbo na kuumiza figo za mtu ambaye tayari anameza dawa nzito. Hujamponya, umemziba mdomo.

6/8
Na ninyi wachuaji wetu, nawaheshimu, bibi yangu alikuwa mmoja wenu. Ila mguu mmoja uliovimba usiuchue. Kama kuna damu iliyoganda, bonge linaweza kukatika likakimbilia mapafuni, na mtu akafa hapo hapo mkononi mwako. Chale nazo ziacheni: wembe unawafungulia mlango wadudu wale wale wa usaha.

7/8
Najua mtakachoniandikia: "Nesi, nauli ya kwenda Bombo utatoa wewe?" Swali la haki. Mkata mkonge wa Korogwe hawezi kwenda Tanga kila nyama inapouma, na madaktari bingwa wa viungo nchini ni wachache.

Lakini mimi sizungumzii Bombo. Nazungumzia dakika 10 za zahanati. Kipimajoto. Mkono wangu juu ya paja lako, kulia na kushoto, nilinganishe joto na ugumu. Tepu ya fundi cherehani: napima unene wa miguu yote miwili chini ya goti, na ukizidi upande mmoja kwa zaidi ya sentimita 3, hapo rufaa haina mjadala. Tunachokosa ni swali: "Ni upande mmoja au yote miwili?"

8/8
Sio kila paja ni usaha. Umelima upande mmoja, umebeba ndoo, umechechemea kwa sababu ya goti bovu, nyama zitauma. Pumzika, kanda kwa kitambaa cha uvuguvugu kama mguu haujavimba, meza parasetamoli kwa kipimo. Siku 3 zikipita bila nafuu, njoo. Ukiona homa, uvimbe, ugumu, ganzi, au mguu umeishiwa nguvu, njoo leo. Kifua kikibana au pumzi ikikata, ni dharura.

Prednisoloni usiikate ghafla kwa kuogopa haya niliyoandika. Metotreksati ya viungo ni mara moja kwa wiki, sio kila siku. Ukikosea hapo inaua.

Ukifika dirishani, usianze na "baridi yabisi yangu imeamka". Sema: "Nina ugonjwa wa viungo, natumia dawa hizi, na hii ni mpya, ya upande mmoja." Nesi akichukua sindano kabla hajakushika, mwambie: "Nesi, nishike kwanza."

Akinuna, mwambie nimekutuma mimi.