Si Kila "Run" ni Kukimbia

Miongoni mwa mazoea yanayodumaza lugha mbili tunazofundisha shuleni, hakuna linalonikera zaidi ya orodha ya msamiati yenye safu mbili: kushoto neno la Kiingereza, kulia neno moja la Kiswahili. Mwanafunzi huikariri orodha hiyo na kuamini kwamba kila neno lina mwenzake mmoja wa kudumu, mithili ya kufuli na ufunguo wake. Ajapo chuo kikuu, huja na imani hiyo hiyo, na sisi wahadhiri wa isimu hulazimika kwanza kuing'oa kabla ya kupanda chochote.

Hebu tukitazame kitenzi "run", ambacho mtoto hukisikia tangu chekechea akaambiwa maana yake ni kukimbia. Katika toleo la pili la Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, lililotoka mwaka 1989, kitenzi kilichopewa maelezo marefu kupita vyote kilikuwa "set". Wahariri walipoanza kuidurusu kamusi hiyo upya, mmoja wao, Peter Gilliver, alitumia miezi tisa akishughulika na "run" peke yake. Mnamo 2011 ilitangazwa kwamba kitenzi hicho kimepatikana kuwa na maana 645. Je, orodha ya safu mbili itaziweka wapi?

Maana hizo si fujo. Chimbuko lake ni mwendo wa haraka wa miguu. Lakini tangu kale Waingereza walikitumia kitenzi hicho kwa maji ya mto pia, kwani nayo huenda pasi na kusita. Kutoka kwenye maji kikahamia kwa pua yenye kamasi, na kwa rangi inayotoka nguo inapoloweshwa. Mapinduzi ya viwanda yalipoleta mitambo na garimoshi, vyombo hivyo navyo vikapewa kitenzi hicho kwa kuwa vilikwenda mfululizo. Na kutoka kwa anayeufanya mtambo uende hadi kwa anayeifanya biashara iende haikuwa safari ndefu. Leo hata programu ya kompyuta hutumiwa neno hilo hilo. Kila maana imeshikana na jirani yake, ingawa ya kwanza na ya mwisho hazifanani tena.

Kiswahili hakikulazimika kupita njia hiyo. Kwetu mto hutiririka, kamasi huchuruzika, nguo huchuja, na injini hunguruma. Basi hufanya safari baina ya Nairobi na Kisumu. Mkataba hudumu miaka mitano. Gazeti huchapisha habari. Mwenye duka huendesha biashara yake. Anayetaka kueleza kwa Kiingereza kwamba sukari imekwisha nyumbani hutumia "run" na kulifuatisha na "out". Sisi twasema tumeishiwa na sukari. Tazama tofauti ya ufundi hapo: Kiingereza hubandika kijineno baada ya kitenzi, ilhali Kiswahili hunyambua kitenzi chenyewe. Kutoka kukimbia twapata kukimbilia na kukimbiza. Kutoka kuisha twapata kuishia na kuishiwa.

Sasa mchukue mwanafunzi aliyelelewa na orodha ya safu mbili, umpe atafsiri habari ya mzee ambaye "ran the company for ten years". Ataandika: "Alikimbia kampuni kwa miaka kumi." Msomaji wa Kiswahili ataelewa kwamba mzee huyo alitoroka! Maana kukimbia kuna ukoo wake. Anayekimbia vita ni mkimbizi, na mahali anapopata hifadhi ni kimbilio. Ukoo huo haulingani na ule wa "run" ila pale mlangoni tu.

Hata wenyeji wa Kiingereza hawakubaliani katika kila matumizi. Mmarekani anayewania urais husemwa kwamba "runs". Mwingereza anayewania ubunge husemwa kwamba "stands". Mmoja hukimbia, mwingine husimama, na wote wawili wanatafuta kura! Nasi Wakenya tumeongeza yetu. Mgonjwa anayehara husema kwa Kiingereza cha hapa kwamba ana "running stomach", na kwa Kiswahili cha mitaani kwamba tumbo linamwendesha. Kitenzi kile kile tulichomkabidhi mkurugenzi wa kampuni tumemkabidhi na mwenye kuhara, wala hakuna anayewachanganya wawili hao, kwa sababu maneno yaliyo jirani yametuonyesha njia.

Hiyo ndiyo hoja yangu. Mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth alifundisha kwamba neno hujulikana kwa maneno linaloandamana nayo. Anayedhani kwamba huo ni wazimu wa Kiingereza na akitazame kitenzi chetu "piga". Twapiga simu, pasi, kura, magoti, picha, mbizi, hodi na miayo. Mgeni aliyeambiwa kwamba kupiga ni kuchapa kwa fimbo atatuonea huruma sana siku ya uchaguzi.

Najua walimu wenzangu watanijibu kwamba madarasa yamejaa, kamusi ni chache na muda ni mfupi. Kwamba neno moja kwa neno moja ni mahali pa kuanzia. Nakubali kwamba ni mahali pa kuanzia. Ninachopinga ni kuketi hapo miaka kumi na miwili. Kuandika ubaoni sentensi tatu fupi badala ya neno moja hakuhitaji fedha wala kamusi mpya. Wanafunzi nao wanaweza kutwaa kitenzi kimoja kwa juma, wakakitafuta magazetini, wakanukuu sentensi nzima nzima, kisha wakajiuliza Kiswahili kingesemaje. Na mwalimu anaposahihisha tafsiri, asitie mkasi kwa sababu tu neno la mwanafunzi halimo katika orodha. Aisome sentensi kwanza.

Tusipofanya hivyo hasara itakuwa maradufu. Kijana atashindwa kuelewa Kiingereza cha vitabu vyake vya sayansi na biashara, ambamo maneno magumu ni machache kuliko maneno mepesi yaliyobeba maana asiyoitarajia. Papo hapo atakisema Kiswahili kwa mifupa ya Kiingereza, akidhani ametafsiri. Kijana huyo ndiye atakayetusomea habari kesho, ndiye atakayekuwa mkalimani mahakamani, ndiye atakayeandika maelezo ya dawa. Huko kosa la neno moja halipunguzi alama tu. Laweza kumfunga mtu au kumlaza kitandani.