Pesa ya Balbu ni Amana

Nataka kusema jambo ambalo wengi wetu hulinong'ona usiku taa zikishazimwa, halafu asubuhi tunalimeza pamoja na uji. Humu Kakuma kuna wenye nyumba na kuna wapangaji. Sisemi kule mjini kwa wenyeji, nasema humu ndani, mkimbizi kwa mkimbizi. Kuna anayetoa kodi na kuna anayepokea. Kila mtu anajua, hata wewe ndugu mfanyakazi wa shirika unayesoma hapa ukiwa na beji shingoni unajua. Lakini ukiuliza ofisini, utaambiwa nyumba za kambini hazipangishwi. Basi, kama hazipangishwi, hakuna mpangaji. Na kama hakuna mpangaji, aliyekatiwa taa na mwenye nyumba ni nani? Ni hewa?

Mimi nimekuwa hiyo hewa kwa miaka mitatu.

Nilipanga chumba kimoja katika ploti yenye vyumba vitano. Kodi shilingi 1,500 kwa mwezi. Juu yake nilikuwa nalipa shilingi 700 za taa, yaani balbu moja na soketi ya kuchajia simu. Waya ulitoka kwa mwenye jenereta, ukaingia chumbani kwa mzee mwenye nyumba, na kutoka pale ukagawanywa kwetu sote. Hakuna mita. Unalipia idadi ya vitu: balbu bei yake, televisheni bei yake, friji bei yake. Mwenye jenereta hatujui sisi, anamjua mzee peke yake. Sisi tunampa mzee, mzee anampa mwenye jenereta. Ndiyo mpango wa ploti nyingi humu, na wala si mpango mbaya, ukiwa na watu waaminifu.

Chumba cha tatu alikaa mama mmoja mjane, mwenzangu wa Kivu, mwenye watoto wanne. Alikuwa na friji ndogo ya mtumba. Aliuza barafu, juisi ya ukwaju na samaki kidogo waliotoka ziwani. Yeye ndiye aliyelipa taa kuliko sisi wote, na alilipa mapema, tarehe mbili, kabla hata hajaulizwa.

Siku moja ya Alhamisi, saa sita mchana, taa ikakatika. Tukadhani jenereta imeharibika. Jioni tukaona ploti ya jirani inawaka. Nikaenda mwenyewe kwa mwenye jenereta. Akafungua daftari lake, akanionyesha: ploti yenu haijalipa miezi miwili. Nikamwambia, "Bwana, sisi tumelipa." Akanijibu kwa upole kabisa, "Kaka, mmelipa kwa nani?"

Tukarudi kwa mzee. Hakukana. Alisema alikuwa na shida zake, na kila mtu ana shida. Mama wa friji akamwambia, "Mzee, heshima yako, lakini ile pesa nilikupa ya taa, sikukupa ya shida." Mzee akakasirika. Akasema hii ni nyumba yake, asiyeridhika afungashe. Siku tatu tulikaa gizani. Joto la Turkana mnalijua, samaki hawakungoja mkutano wetu. Yule mama aliwatupa nyuma ya choo usiku ili wateja wasimwone. Halafu, ili arudishiwe waya, akalipa tena. Mwezi ule ule, taa ile ile, mara mbili.

Akaenda kwenye dawati la malalamiko. Nilimsindikiza. Kijana aliyetusikiliza hakuwa mtu mbaya, aliandika, aliuliza maswali. Mwisho akasema, "Mama, kwa utaratibu nyumba hizi haziruhusiwi kupangishwa, kwa hiyo hii si kesi ya kwetu." Akaongeza kwamba akiendelea nayo, huenda ikaulizwa kwa nini yeye hakai kwenye nyumba aliyopewa. Mama alinyamaza. Tukatoka. Njiani akaniambia, "Umeona? Nimeenda kushtaki wizi, nimerudi mshtakiwa."

Sasa nianze na wewe, mwenye nyumba mwenzetu, maana wewe ni ndugu yetu kwanza.

Najua utasema nini. Utasema mabati ulinunua wewe. Mvua ikibomoa ukuta wa tofali za udongo, unakanda udongo wewe. Waya uliununua wewe, na nguzo ulichimba wewe. Ni kweli yote. Basi yatie kwenye kodi. Sema wazi: kodi ni 1,500, nimepandisha hadi 1,700 kwa sababu ya waya. Mpangaji ataamua kukaa au kuondoka. Hiyo ni biashara, na biashara si dhambi. Lakini pesa ya balbu si kodi. Pesa ya balbu ni ya mwenye jenereta, imepita tu mkononi mwako. Sisi Waswahili tuna neno lake: amana. Mtu akikupa barua umpelekee mama yake, huifungui. Kwa nini hii unaifungua?

Na lile jambo la pili ni baya zaidi. Kuna mwenye nyumba ambaye taa ameilipia, deni hakuna, lakini akitaka kumtoa mpangaji anachomoa waya. Anataka kumweka binamu yake aliyefika juzi, au amepata mtu wa kulipa zaidi. Badala ya kusema na kutoa muda, anazima. Au anafunga lango mapema ili mtu asipitishe mitungi ya maji. Hajamfukuza, eti! Amemwacha tu ajifukuze. Maji ya bomba humu hatulipi, na mashirika yenyewe yana kipimo chao kinachojulikana: lita 20 kwa mtu kwa siku, na hata katika dharura isipungue 15. Hakuna mahali kipimo hicho kimesema "isipokuwa umegombana na mwenye nyumba".

Msiseme haya ni mambo ya wazungu. Nchi hii tunayokaa ina sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, Sura ya 296, ya tangu mwaka 1959. Inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na inamkataza mwenye nyumba kumsumbua mpangaji kwa nia ya kumtoa. Sidai kwamba baraza la kodi litakuja kesho kukaa chini ya mti wa bloku yetu. Nasema tu kwamba wazo lenyewe lina umri kuliko mimi na mzee.

Wapangaji nao msicheke, zamu yenu imefika. Tunaandikisha balbu moja, usiku tunachomeka pasi. Tunaficha televisheni chini ya kitenge mwenye jenereta akipita kuhesabu. Waya unaungua, ploti nzima inalala giza, na kila mtu anasema si mimi. Halafu kuna wale wanaohama usiku wa manane na deni la miezi mitatu, wakamwachia mzee daftari la mwenye jenereta. Mwenye nyumba aliyeumwa hivyo mara mbili huanza kushika pesa za wengine. Sitetei wizi wake, ila naonyesha mlango ulioachwa wazi na sisi.

Na mimi mwenyewe nisijifanye malaika. Baada ya ile kesi tulikubaliana mpangaji mmoja akusanye pesa za taa, wakanichagua mimi. Mwezi wa pili mtoto wangu akaugua, nikachukua 400 kwenye mfuko wa taa, nikajiambia nitarudisha Ijumaa. Nilirudisha Jumatatu, na siku zile tatu nilikuwa napita mbele ya chumba cha tatu nikiangalia chini. Hapo nilielewa mzee alianzaje. Alianza kwa "nitarudisha Ijumaa". Ndiyo maana siamini tena kwamba uaminifu peke yake unatosha. Linatakiwa daftari.

Msidhani mjini ni afadhali. Mdogo wangu yuko Nairobi, ploti ya vyumba sita, mita moja ya tokeni. Kwa bei za stima zilizotangazwa 2023, anayetumia hadi uniti 30 kwa mwezi analipa bei ya chini kabisa, wa hadi 100 bei ya kati, na anayezidi 100 bei ya juu. Haya, piga hesabu. Kila chumba kikitumia uniti 20, kila mmoja ni maskini wa kustahili bei ya chini. Lakini mita inaona uniti 120 na inadhani hapo anakaa tajiri mmoja. Maskini sita wanalipa bei ya tajiri. Na mita hiyo ikiwa na deni la zamani, sehemu ya kila tokeni wanayonunua inakwenda kulipa deni la watu waliohama. Mwenye nyumba angeweka mita ndogo kila chumba, angalau wangejua nani ametumia nini. Bei ya chini ingehitaji kila chumba kiwe na akaunti yake.

Nasema haya kwa sababu mji unakuja huku. Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 unataka Kakuma na Dadaab zigeuke kutoka kambi kuwa makazi ya kukaa pamoja na wenyeji, na huduma za kulipia. Nyaya zitaongezeka na mita zitakuja. Tukiingia huko na tabia za sasa, tutakuwa tumehamisha giza letu kutoka kambini hadi mjini.

Kwa hiyo nawageukia nyie wa mashirika. Mnaogopa kwamba mkiweka utaratibu wa kupanga, mtakuwa mmehalalisha kupanga. Lakini soko letu hamkulijenga, na mnanunua soda pale kila mchana. Jenereta hamkuzileta, na nyaya zake zinapita juu ya uzio wenu. Kupanga kupo. Mficha maradhi kilio humfichua, na anayelia ni yule mama, si utaratibu wenu.

Tunachoomba si kikubwa. Kodi na taa ziandikwe mbalimbali, kila malipo yaandikwe kwenye daftari na mwenye jenereta aweke sahihi yake. Vitu vya umeme vihesabiwe mbele ya watu wote mwanzo wa mwezi. Anayetaka kumtoa mpangaji ampe mwezi mmoja kwa mdomo mbele ya kiongozi wa bloku, na waya usiguswe wala lango lisifungwe. Na kwenye dawati la malalamiko, mtu akija kusema ameibiwa pesa ya taa, aulizwe habari za pesa ya taa. Asiulizwe kwanza analala wapi.

Manne ya mwanzo tunaweza kuanza wenyewe, na ploti yetu imeanza. Daftari linaning'inia kwenye msumari mlangoni kwa mzee, kalamu imefungwa kwa uzi. Mzee mwenyewe hulifungua kuonyesha wageni. La tano liko mikononi mwenu. Yule mama bado anadai mwezi mmoja aliolipa mara mbili, na hajui apeleke wapi dai lake.