Herufi Moja, Watu Laki Mbili na Nusu

Mwanafunzi akiulizwa thamani ya 15(n + k) ikiwa n = 4 na k = 3, atajibu 105 na kurukia swali linalofuata. Amepata. Ila hakuna aliyemwambia n inahesabu nini, na mwezi ukipita atakuwa amesahau. Walimu wa Ngara na Biharamulo hatuna sababu ya kufundisha herufi tupu, na toleo hili limeandaliwa kulisema hilo.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, inakadiriwa watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24, wakapiga kambi Benaco, hapa Ngara. Viwango vya Sphere vya misaada ya kibinadamu, vilivyoandikwa miaka michache baadaye kutokana na msiba ule wa Rwanda, vinataka kila mkimbizi apate angalau lita 15 za maji kwa siku. Weka 250,000 mahali pa n: 15n ni lita 3,750,000, kila siku ya Mungu. Tuseme kesho yake wanaingia wengine, k = 20,000. Anayeanza na mabano, kama MAGAZIJUTO inavyoagiza, anapata 15 × 270,000, yaani lita 4,050,000. Anayeyaruka, akazidisha 15 kwa 250,000 kisha akajumlisha 20,000, anapata 3,770,000. Pengo ni lita 280,000, maji ya watu zaidi ya 18,000. Darasani kuna watoto ambao bibi na babu zao waliuona msururu ule kwa macho yao. Kwao mabano hayatakuwa urembo wa ubaoni.

Hapo pia ndipo mtoto anapoona kwa nini tunaandika herufi. Anayepanga maji ya kambi anaijua 15 tangu asubuhi. N bado iko njiani, inatembea.

Biharamulo wana pamba. Bei ya kilo ni b, kilo zilizouzwa ni m, deni la dawa na mbegu ni d: mkulima anabaki na bm − d. Mvua ikikosekana, m inashuka lakini d haisogei, na jibu linaweza kuwa hasi. Mtoto wa mkulima anaielewa hasi hiyo kuliko ile ya kwenye mstari wa namba, kwa sababu ndiyo inayochelewesha sare yake.

Kurasa zinazofuata zina maswali ya namna hii. Mwalimu, badilisha namba zetu, uweke za kijijini kwako.