Pevingi za Staa Siyo Saizi ya Uwanja Wako

Wiki hii staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, kaposti uwanja wa mjengo wake mpya. Pevingi nyekundu na kijivu, duara kubwa katikati, gari limepaki juu yake. Watu wamepagawa, DM yangu imejaa swali moja tu: "Fundi wake nani?"

Mimi nasema mnauliza swali la pili kabla ya la kwanza. La kwanza ni hili: juu ya hizo pevingi kitapita nini?

Kama ni gari, nenda na mtindo wa mfupa wa samaki. Vitofali vinakaa kwa pembe, kila kimoja kinakibana kingine, tairi likikata kona havisogei. Ukipanga mistari iliyonyooka kama tofali za ukutani, halafu mistari ikafuata njia ya gari, tairi zitavisukuma mpaka viachie. Unene wa sentimita 6 unatosha gari dogo, ila kama boza la maji litaingia chukua sentimita 8.

Kama ni miguu tu, hapo jiachie. Mtindo wa mkeka, viwili wima viwili ulalo, unapendeza sana kibarazani. Kijia chembamba? Panga mistari ikatize njia, kitaonekana kipana. Duara nalo zuri, ila vitofali vingi vinakatwa pembeni, na kila kipande kinachotupwa umeshakilipia.

Kitu cha tatu ni maji, na hapa ndo roho inaniuma. Nyumba moja niliyowahi kupanga hapa Dar, mwenye nyumba aliona uwanja wa staa mtandaoni akataka uleule. Akafunika kila kitu, hadi chini ya mwembe. Hela yote ikaishia kwenye duara na rangi, mtelemko hakuna, kingo za pembeni hakuna. Masika ya kwanza tu, maji yakaingia chumba cha mwisho, mama wa watu akaamka godoro limelowa. Mwaka haujaisha, pevingi za getini zimebonyea na za pembeni zimeachana.

Kwa hiyo uwanja ushuke kama sentimita 2 kila mita moja, kwenda mbali na nyumba. Bakiza udongo sehemu, au tumia zile zenye matundu ya kuotea nyasi. Shindilia kifusi vizuri, mwaga mchanga, jenga kingo za zege. Insta havionekani, ila ndo vinavyoshika huo urembo wote.

Staa uwanja ukimharibikia atang'oa, ataweka nyingine, ataposti tena. Wewe hiyo hela umeikusanya miaka mingapi?

Haya wadau, kwenu mmepanga mtindo gani, na mvua ikinyesha maji yanaenda kwa nani? Dondosha komenti, msinitukane.