Kufunika namba kwenye picha si kuifuta

SIKU hizi biashara nyingi za mazao, mifugo na viwanja huanza na picha ya simu. Mnunuzi wa Dar es Salaam anataka kumwona ng'ombe aliyeko Dodoma kabla hajapanda basi, na dalali wa viwanja hatafuti mteja mpaka atumiwe picha ya hati. Hilo peke yake halina ubaya. Tatizo ni kwamba pamoja na ng'ombe au kiwanja, muuzaji hutuma na vitu ambavyo hakukusudia kuviuza.

Chukua namba ya kitambulisho cha Taifa. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Tapeli akiipata pamoja na jina, saini na namba ya simu vilivyomo kwenye karatasi za mauziano, kazi ya kujifanya wewe imekuwa nyepesi.

Wapo wanaolijua hilo na wanafunika. Lakini kufunika kwenyewe mara nyingi ni kiini macho. Baadhi ya kalamu za rangi zilizomo kwenye simu ni za kukolezea maandishi tu na wino wake hupitisha mwanga. Mtu akiongeza mwangaza wa picha, namba inajitokeza. Ukungu na vile vimraba navyo si vya kuaminiwa, hasa kwa namba. Tarakimu ziko 10 tu, hivyo kompyuta huweza kuzijaribu moja moja, ikazitia ukungu uleule na kulinganisha mpaka zifanane. Mwaka 2020 ilitolewa bure programu iitwayo Depix, inayofanya kazi ya namna hiyo kwa maandishi yaliyofichwa kwa vimraba.

Hata kukata picha kumewahi kuwaponza watu. Machi 2023 watafiti walionyesha kuwa simu za Pixel za Google zilikuwa zikihifadhi picha iliyokatwa bila kufuta mabaki ya ile ya awali, na sehemu iliyoondolewa iliweza kurudishwa. Kasoro ilirekebishwa, lakini picha zilizokwisha kusambaa nani angezifuata?

Kuna pia kisichoonekana kabisa. Simu nyingi huandika ndani ya faili la picha mahali ilipopigwa. Desemba 2012 tajiri John McAfee, aliyekuwa akitafutwa na polisi wa Belize, alijulikana yuko Guatemala kwa sababu jarida la Vice lilichapisha picha yake ikiwa na vipimo hivyo. Kwa mfugaji, maana yake ni kwamba picha ya zizi inaweza kumwelekeza mwizi mpaka mlangoni. WhatsApp huondoa taarifa hizo ukituma kama picha ya kawaida. Ukituma kama dokumenti, zinakwenda nazo.

Dawa ninayoiamini haihitaji programu yoyote: weka kipande cha boksi juu ya namba kwenye karatasi yenyewe, ndipo upige picha. Kama picha ilishapigwa, ipake rangi nyeusi isiyopitisha mwanga, kisha piga picha ya skrini na utume hiyo.

Hati ya kiwanja, kwa maoni yangu, isipigwe picha kabisa kwa ajili ya dalali. Picha haithibitishi umiliki, hata ikiwa safi namna gani. Mnunuzi wa kweli anapewa namba ya hati akafanye upekuzi kwa Msajili wa Hati. Anayeridhika na picha tu anajitafutia hasara, na anayeng'ang'ania picha bila kutaka upekuzi ana lake jambo.

Wala mzigo huu usiachiwe mkulima peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu achukue zile tu anazozihitaji. Dalali mwenye picha za hati za watu kwenye simu yake anazihitaji kwa kazi gani baada ya kiwanja kuuzwa? Tume iliyoundwa kusimamia sheria hiyo ingeanza kuuliza swali hilo huko vijiweni kwa madalali, na kwa wakopeshaji wa mitandaoni pia.